Nilianguka Kwenye Sakafu Tambarare

Nimeadimika hapa kwa muda mrefu, najua. Wapo waliodhani nimeacha uandishi, na yupo mmoja aliyeniuliza kama na mimi nimehamia Dodoma. Hapana jamani, nipo Dar es Salaam hii hii, na joto lake lile lile. Nilikuwa najifunza kusimama. Msidhani nasema kwa mafumbo. Nilikuwa najifunza kusimama kwa miguu miwili, mimi mtu mzima, mwandishi wa habari, mama wa mtoto mmoja.

Wanaume msikimbie. Haya yanahusu ujauzito lakini hayana mambo ya kuwatia aibu, na wengi wenu mnaishi na mtu ambaye yamempata au yatampata.

Ilikuwa Julai 2023, mimba yangu ikiwa na miezi saba. Asubuhi ile nilipanda daladala kutoka Tabata kwenda mjini. Foleni kama kawaida, na kijana mmoja akaniachia kiti, Mungu ambariki. Kufika kituoni konda akapaza sauti: "Shusha mama kijacho! Mguu wa kushoto mama, kushoto!" Kila mkazi wa Dar anaijua sheria hii. Gari halisimami kabisa, linapunguza tu mwendo, kwa hiyo unatanguliza mguu wa kushoto huku uso ukiangalia mbele linakokwenda, la sivyo lami inakupokea. Nilishuka salama. Yaani nilishuka kwenye daladala inayotembea, na tumbo lote lile, bila hata kuyumba.

Nusu saa baadaye nikaanguka ukumbini, kwenye sakafu tambarare.

Ulikuwa mkutano wa waandishi wa habari, wa kawaida tu. Wenzangu wa kazi hii wanajua: kabla mzungumzaji hajaanza, kila mwandishi anakwenda mbele kuweka kinasa sauti au simu yake pale mezani, kwenye lile rundo. Nikaenda na mimi. Meza ilikuwa na maua mbele yake, nikainama na kunyoosha mkono juu ya maua, nikaweka simu. Kisha nikajiinua na kugeuka, mguu ukaenda mahali nilipodhani pana mwili wangu, kumbe mwili ulikuwa kwingine. Sijui niseme vipi vizuri zaidi ya hapo. Nilipiga goti la kushoto, kisha viganja, kisha ubavu wa tumbo.

Sakafu ilikuwa kavu. Hakukuwa na zulia lililojikunja wala waya wa kipaza sauti. Nilitafuta cha kulaumu nikakikosa, labda viatu vyangu vya kahawia, saizi 38, ambavyo tangu Juni vilikuwa vinanibana. Mpiga picha mmoja wa televisheni aliacha kamera yake akanishika kwapani akaniinua. Mzungumzaji akasema, "Pole sana mama," kisha akaanza kusoma hotuba. Nikakaa. Nikaandika. Mwishoni nikauliza hata swali, na jibu lake silikumbuki mpaka leo.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Sikumwambia mtu.

Wiki mbili kabla ya siku ile mhariri wangu alikuwa amenishauri nipunguze mizunguko, nikae dawatini nihariri habari za wengine mpaka nitakapojifungua. Nikabisha sana. Nikamwambia mimba si ugonjwa, nikataja na wanawake wanaolima mpaka siku ya uchungu, nikashinda. Sasa ningemwambia nini? Kwamba nimeanguka mbele ya vyombo vyote vya habari vya mji, peke yangu, bila kusukumwa? Nikaandika habari yangu, nikaituma saa tisa alasiri, nikarudi nyumbani.

Nyumbani nikaanza kumsikiliza mtoto. Alikuwa na kawaida yake, nikinywa kitu cha baridi anacheza. Nikanywa soda ya baridi, nikalalia ubavu wa kushoto. Kimya. Nikanywa maji ya baridi. Nikahisi kitu, sikujua kama ni yeye au ni tumbo langu tu linasaga. Saa kumi na moja, saa kumi na mbili. Nilikuwa nimeweka mkono tumboni na mwingine kwenye simu naandika ujumbe nafuta, naandika nafuta. Saa moja usiku mume wangu aliporudi ndipo nikamwambia, akachukua funguo bila kusema neno.

Nesi wa zamu alinipaka ule utelezi wa baridi, akapitisha kifaa. Kwa muda kidogo ilikuwa ni kelele za redio isiyoshika stesheni. Kisha yale mapigo yakaja, ya haraka haraka, kama mtu anayekimbia na kandambili. Mume wangu akakaa chini. Nesi akauliza, "Dada, umeanguka saa ngapi?" Nikasema saa nne. Akatazama saa ya ukutani. "Nne ya asubuhi?" Ndiyo. Akatazama tena saa ya ukutani, ilikuwa inakwenda saa mbili na nusu usiku, akaendelea kuandika kwenye kadi yangu.

Daktari alikuwa mpole zaidi ya nilivyostahili. Akaniambia mjamzito akianguka na tumbo likagonga, aende akapimwe hata kama anajisikia mzima, maana kondo la nyuma linaweza kuachia kidogo kidogo bila yeye kujua. Akianza kutokwa damu au maji, tumbo likikaza au kuuma, au mtoto akipunguza kucheza, hapo si suala la kusubiri hata dakika. Walinishikilia mpaka usiku wa manane wakinipima, wakaniruhusu. Mwanangu alikuwa mzima. Mimi ndiye nilikuwa sijiamini tena kwa miguu yangu mwenyewe.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza, nikaanza kuuliza. Nimeanguka kwa nini?

Kila mwili una mahali ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika, mahali panapoitwa kitovu cha uzito. Kwa mtu aliyesimama wima huwa ndani ya nyonga, chini kidogo ya kitovu hiki tunachokijua. Maadamu kitovu hicho kipo juu ya nyayo zako, unasimama. Kikipita nje ya nyayo, inabidi upige hatua haraka, au uanguke. Mimba inakisukuma mbele. Mfuko wa uzazi mtupu una uzito wa gramu 60 au 70 hivi, na mwisho wa mimba mfuko peke yake unakaribia kilo nzima. Weka mtoto wa kilo tatu, kondo, maji, damu iliyoongezeka karibu nusu ya ile uliyokuwa nayo, matiti. Mwanamke wa uzito wa kawaida anashauriwa aongezeke kilo 11 na nusu mpaka 16. Sasa mtu atasema, kilo 15 ni nini, mbona tunabeba mchele wa kilo 20 kutoka sokoni? Ni kweli, lakini mchele unauhamisha bega, unautua ukichoka, na unajua umeubeba. Huu mzigo unakaa mbele tu, usiku na mchana, na unaongezeka taratibu mno kiasi kwamba picha ya mwili iliyomo kichwani inabaki ile ya zamani. Pale mezani mimi nilijiinua kwa hesabu za mwezi wa nne.

Mwili wenyewe hautulii tu, unajibu. Unaegemea nyuma. Mgongo wa chini unajipinda zaidi kuingia ndani, mabega yanarudi nyuma, shingo inakuja mbele ili macho yaone njia. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Katherine Whitcome, Daniel Lieberman na Liza Shapiro, waliandika katika jarida la Nature kwamba mgongo wa mwanamke umeumbika kwa ajili hiyo hasa. Pingili za kiunoni zilizochongoka kidogo kama kabari, zinazouruhusu mgongo kupinda vile, kwa mwanamume ni mbili na kwa mwanamke ni tatu. Waliwapima wajawazito 19. Wakatazama pia pingili za viumbe wa kale waliotembea kwa miguu miwili, zilizopatikana Sterkfontein kule Afrika Kusini, zina umri wa zaidi ya miaka milioni mbili, na tofauti hiyo ikaonekana humo tayari. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kidogo. Kumbe bibi wa bibi wa bibi yangu, hata kabla ya lugha, alisimama na tumbo lake akashika kiuno kwa nyuma kama ninavyoshika mimi kwenye foleni ya benki.

Na ule mwendo wa bata mnaotucheka? Ule ni ulinzi. Homoni za mimba, mojawapo ni ile iitwayo rilaksini, zinalegeza kano zinazofunga mifupa ya nyonga ili mtoto apate njia. Nyonga ikilegea mtu anatanua miguu, anafupisha hatua, anageuza vidole nje. Anaongeza upana wa msingi, kama mwenye nyumba anayeona ukuta unainama. Hata hivyo haitoshi. Mwaka 2006 Wamarekani wengine waliwasimamisha wajawazito kwenye kipimo kinachosoma jinsi mtu anavyoyumba, wakaona kwamba miezi mitatu ya kwanza hakuna tofauti kubwa, lakini kuanzia hapo wanayumba zaidi, na wanategemea macho zaidi kujua wamesimamaje. Macho hayo hayo ambayo hayaoni tena miguu! Utafiti mwingine wa huko huko, wa 2010, uliuliza karibu wanawake 4,000, na zaidi ya robo yao walisema walianguka angalau mara moja wakati wa mimba.

Zaidi ya robo, jamani. Na mimi kliniki nilihudhuria bila kukosa, nikapimwa uzito, presha, damu, mkojo, urefu wa tumbo, yote yakaandikwa kwenye kadi. Swali la "umewahi kuanguka?" sikuulizwa hata siku moja mpaka usiku ule wa nesi na saa ya ukutani. Siwalaumu manesi, foleni yao naijua, lakini swali lenyewe lina maneno mawili.

Hapo mtu ataniambia, mbona kina mama wa kijijini wanabeba ndoo kichwani na mimba na hawaanguki? Kwanza wanaanguka, hakuna anayewahesabu. Pili, kubeba kichwani ni ujuzi. Mwaka 1986 na tena 1995 jarida lile lile la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya, ikaonekana wanaweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea watupu. Wajaluo hubeba juu ya kichwa, Wakikuyu kwa mshipi unaopita kwenye paji la uso. Siri iko kwenye mwendo, mwili unabembea kama timazi la saa na haupotezi nguvu. Lakini ujuzi huo mtu anaanza kuufanyia kazi akiwa mtoto, na kidumu cha lita tatu. Mimi nilianza kubeba nikiwa na miaka 28, na mzigo wenyewe uko tumboni. Na mkipita Feri mkamwona mama mwenye mimba na beseni la embe kichwani, msimpige picha kwa kumsifu. Muulizeni kama mgongo unamuuma.

Tuendelee. Mwanangu alizaliwa Septemba 2023, kwa njia ya kawaida, wa kike. Nilidhani basi, mzigo umetuliwa, mizani itarudi siku hiyo hiyo.

Siku ya tatu, niko nyumbani, nikainuka kitandani kwenda kuchukua maji nikayumba kwa NYUMA. Nikashika kabati. Mwili wangu ulikuwa bado unaegemea nyuma, unabishana na mzigo ambao haupo. Mnaijua ile ya kunyanyua ndoo mkidhani imejaa kumbe tupu? Ndivyo nilivyokuwa, wiki kadhaa. Nilikuwa nagonga vizingiti vya milango kwa bega. Wale watafiti wa 2006 waliwapima tena wanawake wao wiki sita mpaka nane baada ya kujifungua, na bado walikuwa hawajarudi sawa.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Pangani kwa ajili ya arobaini, na begi moja ambalo nusu yake ni kanga. Kila asubuhi kukandwa kwa maji ya moto, uji wa pilipili manga, kisha mkaja. Kwa wasio wa pwani, mkaja ni kile kitambaa kirefu anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua. Ndiyo maana hata kwenye mahari kuna fedha za mkaja anazopewa mama wa bibi harusi, kwa kukumbuka tumbo alilolifunga alipomzaa binti huyo. Mimi sikuutaka. Nilikuwa nimesoma kwamba kukaza sana si vizuri, nikamwambia Mama, "Kwenye intaneti wanasema..." Hakunisubiri nimalize. "Hiyo intaneti imezaa watoto wangapi?"

Tulinuniana siku mbili. Siku ya tatu mgongo ulinilazimisha nikamwomba mwenyewe anifunge. Na nilipofungwa, nikasimama. Sijui kama mnanielewa. Kwa mara ya kwanza tangu uchungu nilihisi kuna kitu kati ya mbavu na nyonga.

Baadaye nilikuja kuambiwa na mtaalamu kwamba tulikuwa na haki wote wawili, nusu nusu. Ile misuli miwili inayoshuka tumboni kutoka mbavuni mpaka chini, mimba inaitanua mpaka inaachana katikati. Utafiti mmoja wa Ureno wa 2015 uliwafuata wanawake wenye mimba ya kwanza. Karibu na kujifungua wote walikuwa na mwachano huo, na miezi sita baadaye karibu wanne kati ya kumi bado walikuwa nao. Misuli hiyo ndiyo ukuta wa mbele wa nyumba, ukilegea, mgongo unabeba peke yake. Mkaja unaushikilia mwili na unapunguza maumivu, kwa hilo Mama alikuwa sahihi. Lakini hauirudishi misuli, na ukikazwa mno unasukuma vitu chini kwenye misuli ya nyonga ambayo nayo imechoka. (Ile habari ya kukojoa kidogo ukipiga chafya nitaiandika siku yake, leo sina ujasiri.) Mama nilimfikishia taarifa hiyo kwa simu. Akasema, "Kwani nilikukaza mno?" Hapana, Mama.

Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ya ajira ya 2004 ni siku 84, na 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 zinaisha kabla hujajua mwili wako umelala wapi. Desemba nilikuwa kazini. Mwenzangu akanipiga picha nikiwa nahoji mtu, akanitumia. Nilishtuka. Nyonga ya kushoto nimeitoa nje kama rafu, mkono wa kushoto umejikunja hewani, mabega yameanguka mbele. Nilikuwa nimembeba mwanangu, na mwanangu yuko Tabata na dada yake wa kazi. Na tumbo lilikuwa mbele kiasi kwamba mtu mmoja alinipongeza kwa "wa pili". Nikamshukuru, ningefanya nini?

Kilichonipeleka kwa mtaalamu hasa ni ngazi. Januari 2024, tunakaa ghorofa ya pili, nashuka na mtoto wa miezi minne mkononi, kandambili miguuni. Mtoto ananiziba nisione ngazi kama vile tumbo lilivyoniziba nisione miguu. Ngazi ya mwisho kabla ya kona nikaihesabu ambayo haipo. Sikuwa na mkono wa kushika ukuta, yote miwili ilikuwa kwake. Nikaketi kwa kishindo. Mkia wa mgongo uliniuma wiki tatu, lakini mtoto alicheka, alidhani ni mchezo. Nilikaa pale kwenye ngazi nimemkumbatia mpaka jirani alipopita. Safari hii nilimpigia mume wangu simu papo hapo, kabla hata sijainuka.

Yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia nivue viatu, akasema, "Simama." Basi. Nikasimama. Akanizunguka kama fundi anayekagua gari la mtumba. Akasema nimesimama kama mjamzito wa miezi minane kuanzia kiunoni kwenda chini, na kama mnyonyeshaji kuanzia mbavu kwenda juu. Nilicheka, kisha nikataka kulia. Akanilaza, akaniambia ninyanyue kichwa kidogo huku vidole vyake vikipapasa katikati ya tumbo, vikazama viwili na nusu.

Mazoezi yenyewe yalikuwa madogo mno nikadhani nimetapeliwa. Kupumua, na ninapotoa pumzi kuvuta juu misuli ya chini kama unayezuia mkojo, kisha kulegeza. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta nikipiga mswaki. Siku ya kwanza, mguu wa kulia, niliweza sekunde sita. SITA. Mimi niliyeshuka kwenye daladala inayotembea! Kunyonyesha nako akanirekebisha. Nilikuwa nampelekea mtoto titi, nainama mpaka shingo inalia. Akasema weka mto, mlete mtoto kwenye titi. Na kwenye ngazi: mtoto mkono mmoja, ubavuni, mkono wa pili ukutani, kandambili nyumbani.

Ilichukua karibu mwaka. Kuna siku nilikuwa naacha, narudi tena. Leo nafika sekunde arobaini mguu wowote, na mwachano umebaki kidole kimoja. Nyonga ya kushoto bado natoa nje nikichoka.

Mwaka jana nilimwambia mhariri wangu habari ya sakafu. Alikuwa hajui, ingawa ukumbi mzima ulijua. Akasema, "Ungeniambia." Nikamwambia ungenifungia dawatini. Akafikiri kidogo akasema, "Kweli, ningekufungia." Angalau hakudanganya. Tulikubaliana kwamba kulikuwa na njia ya tatu ambayo hakuna kati yetu aliyeiwaza, kwamba ningebaki na mikutano yangu, nisipande bodaboda, nisikae nimesimama saa tatu, na mtu mwingine aniwekee simu mezani. Sasa kuna binti pale ofisini mwenye mimba ya miezi sita. Simu yake naipeleka mimi.

Kitu kimoja tu hakikurudi. Miguu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwapima wanawake 49 tangu mwanzo wa mimba mpaka miezi mitano baada ya kujifungua, wakaona upinde wa unyayo unashuka na kwa wengi mguu unarefuka, milimita mbili mpaka kumi, na haurudi, hasa kwa mimba ya kwanza. Mimi sasa navaa 39. Vile viatu vya kahawia nilimpa mdogo wangu, yeye ni 38. Juzi kanipigia simu, ana mimba ya miezi mitatu. Baada ya vigelegele nikamuuliza, vile viatu bado unavyo? Akasema anavyo, anavitunza kwa ajili ya sherehe.

Nikamwambia avivae sasa hivi.